Ukuta wa Shangazi Subilaga

Kibamba, Dar es Salaam
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo unisamehe nikitanguliza neno moja kabla ya kukuuliza hali, maana najijua, nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe na neno lenyewe nitakuwa nimelimeza. Ule ukuta wa Shangazi Subilaga, ambao alimpigia Baba simu akilia kwamba shemeji yake ameuchafua kwa rangi ili nyumba isiuzike, haukuandikwa na Baba Mdogo Gervas. Niliuandika mimi. Sijamwambia mtu. Si shangazi, si mchungaji, wala yule rafiki yangu wa kwaya niliyekutajia. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa hamjambo? Mguu wa Baba unaendeleaje na hiyo baridi ya Tukuyu? Bibi anakula? Shangazi ananiuliza habari za Bibi kila asubuhi kana kwamba mimi nimelala Tukuyu nikaamkia hapa. Huku mvua inanyesha na kukatika, inanyesha na kukatika, nguo hazikauki. Mimi ni mzima wa mwili. Majina ya kidato cha tano bado, nasubiri tu, na kusubiri kwenyewe kumenichosha kuliko mtihani. Leo tangu asubuhi nimefagia uwanja mara mbili na haukuwa mchafu hata mara ya kwanza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipiga unaweka sauti kubwa kwa ajili ya sikio lako la kushoto, na Baba anakuwa amekaa pembeni anachangia. Hili si la kuchangia. Karatasi mbili nimeshachana. Hii ya tatu sitaichana hata nikikosea.

Nikueleze lilivyotokea.

Unakumbuka nilipofika hapa shangazi alinipa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama mgomba. Alinipokea vizuri, lakini hakuniambia kwamba anauza nyumba. Hakumwambia mtu yeyote hapa mtaani. Nimekuja kugundua watu wa huku wakiuza nyumba wanaficha kama ugonjwa, kwa sababu jirani akijua atasema mama wa watu amefilisika, na ndugu akijua atakuja na yake. Shangazi alikuwa amezungumza na dalali mmoja tu, anaitwa Chande, kimya kimya kwenye simu akiwa jikoni. Na alimwambia shemeji yake, Baba Mdogo Gervas, mdogo wa marehemu mumewe, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule barabarani. Baba Mdogo alimjibu kwamba haipendi habari hiyo, nyumba ya kaka yake isiuzwe. Hayo yote mimi sikuyajua.

Shangazi akaenda msibani Morogoro siku tatu, nikabaki peke yangu. Siku ya kwanza wakaja wanaume wawili. Mmoja kofia ya rangi ya chungwa, mwingine amevaa suti. Yule wa kofia akagonga geti akasema, "Sista, mama yupo?" Nikasema hayupo. "Basi sie tunaangalia kidogo tu, wala usihangaike." Wakaingia. Wakapima uwanja kwa hatua, wakapiga picha bomba, wakapiga picha paa, yule wa suti akagonga ukuta wa sebule kwa kidole kama anabisha hodi. Unanijua, Mama. Nilisimama na mwiko wangu mkononi na sikuweza kuuliza, "Nyie ni nani?" Walipoondoka ndipo maswali yote yakanijia kwa mpigo.

Nikakimbia dukani kwa Mama Salma, jirani yetu, mama mmoja wa Kiarabu ambaye familia yake imeuza sukari na mafuta ya taa hapa tangu Kibamba ikiwa pori. Nilipomsimulia akashika kichwa.

"Wewe! Hao ndio wanaouza nyumba za watu! Mtu kasafiri, karudi, akuta familia nyingine imeinjika ubwabwa jikoni kwake!"

"Sasa nifanyeje?"

"Andika ukutani, mwanangu. Andika kubwa. Wenzio wote wanaandika."

Na ni kweli, Mama. Ukipita huku utaona kuta nyingi zimeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI, nyingine zimeongezwa na EPUKA MATAPELI. Ni kawaida kabisa, ndiyo kufuli ya mtu asiyekuwepo. Mimi nilidhani ni kama kuandika MBWA MKALI. Sikujua kwamba mnunuzi akiyaona maneno hayo kwenye nyumba aliyoletwa kuinunua, hayasomi hivyo. Yeye anasoma kwamba ndani ya nyumba hiyo watu wanagombana, mmoja anauza na mwingine anakataa, na hela yake itazama katikati yao.

Stoo kulikuwa na rangi nyekundu iliyobaki walipopaka geti. Asubuhi yake na mapema nikageuza ndoo, nikapanda, nikaandika NYUMBA HII HAIUZWI. Nilianza na mistari ya penseli ili maneno yasipande mlima. Nilipomaliza nikarudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara kuangalia, na nikaona nimefanya jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimesema kitu kwa sauti, ingawa ni kwa brashi.

Siku ya tatu yule wa suti akarudi na mkewe, na yule wa kofia, ambaye kumbe ndiye Chande. Gari halikuzimwa hata injini. Waliangalia ukuta, mke akasema neno kwa mumewe, wakageuza. Chande alibaki amesimama kwenye vumbi na kofia yake, akachomoa simu.

Shangazi alifika jioni. Mimi nilikuwa nimejipanga, Mama. Nilioga, nikavaa gauni lile la kipaimara, nikapika ndizi za nyama kama za kwetu, nikasimama getini nimwambie, "Shangazi, nimeilinda nyumba yako." Akashuka kwenye bajaji tayari amekasirika, kwa sababu Chande alikuwa ameshampigia akiwa njiani. Hata mkoba hakunipa. Akauangalia ukuta akasema, "Gervas! Gervas, kweli umeamua kuniaibisha hivi?" Kisha akakaa pale pale kwenye kizingiti cha geti na kulia, na katika kulia ndipo nikasikia kwamba nyumba inauzwa, kwamba anataka kurudi Tukuyu kwa mama yake, kwamba Bibi anamwita kwenye simu kila Jumapili, "Subilaga, utanikuta?", na kwamba yule bwana wa suti ndiye aliyekuwa amekubali bei.

Nilikuwa na sekunde moja ya kusema. Ilipita. Baada ya hapo kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana yake.

Kibaya zaidi ni siku mbili baadaye. Shangazi akamshitaki Baba Mdogo kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na mimi nikaenda kumshikia faili. Alimwambia mbele ya mwenyekiti, "Shemeji, ukiwa na neno juu ya nyumba ya kaka yako liseme kwa mdomo, usiliseme kwa brashi. Rangi unauza wewe, dukani kwako." Baba Mdogo akasema neno moja tu, "Mimi?" Akanitazama. Akanitazama muda mrefu. Nikadhani ananitazama tu kwa sababu nipo pale. Nikaangalia sakafu. Yeye akavaa kofia yake akatoka, na hajaja hapa nyumbani tangu siku hiyo.

Nimeinuka kidogo kuanua nguo, mvua ilikuwa inaanza. Sasa naendelea.

Mama, kwa ile aibu, nikaamua nyumba hii lazima iuzwe hata kama ni kwa mikono yangu. Wiki zote hizi ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo uliponiuliza kwenye simu watu wa Dar wanauzaje nyumba, kwa ajili ya ile ya Babu pale mjini mnayotaka kuiuza, ninayo ya kukueleza, na si ya kusikia.

Kwanza ukuta wenyewe. Nilipaka chokaa, maneno yakatokeza juu yake, yamekuwa ya waridi. Nikapaka tena, yakatoka tena. Chande akaja akacheka hadi akashika nguzo. "Sista, hiyo rangi ya mafuta, chokaa haiwezi! Hapo umeipaka poda tu, sasa inapendeza zaidi!" Nilisugua kwa msasa siku nne, mikono ikachubuka, ndipo fundi akapiga rangi ya kuzuia kwanza na nyeupe juu yake. Shangazi alikuwa ananiletea chai pale ukutani na kuniombea baraka. "Mtoto wa kaka yangu, Mungu akulipe." Hebu fikiri nilikuwa nainywaje ile chai.

Chande nilimwogopa, baadaye nikamzoea. Ana maneno mengi lakini kazi yake anaijua. Yeye anasema nyumba inauzwa getini. Mteja akishakunja uso getini, hata ndani uweke dhahabu anaangalia saa. Kwa hiyo ile ya Babu anzeni na ule mlango unaokwama, na lile bati linalopiga kelele upepo ukija. Si lazima mjenge upya kitu. Sisi tulibadilisha balbu tatu, tukafunga bomba lililokuwa linadondosha maji, tukatoa vyombo vibovu vya stoo, nikaosha madirisha kwa gazeti na siki. Ndani pakawa pakubwa ghafla. Shangazi mwenyewe alisema angejua pangekuwa hivi asingeuza, akacheka.

Kwenye sebule palikuwa na picha kubwa ya marehemu, ile ya suti ya kijivu. Chande alikaa nayo siku nyingi moyoni, mwisho akasema, "Mama, usinichukie. Mteja akiingia, mzee anamwangalia. Anaona anamnyang'anya nyumba." Kesho yake picha ilikuwa chumbani kwa shangazi, ameiegemeza kwenye mto wa upande wa pili wa kitanda. Mama, ya Babu na ninyi iondoeni mapema, na mumwambie Bibi kwa nini, asije akaingia akakuta msumari mtupu.

Jambo la dalali. Chukueni mmoja anayejulikana, msiwape watano. Hapa mtaa wa pili yupo mzee aliyewapa watano, kila mmoja akaongeza cha juu chake, ikawa nyumba moja ina bei tano. Watu wakaanza kusema ina mkosi. Bado ipo.

Na bei. Shangazi alianza na bei aliyoipata kwa kukumbuka. Alikumbuka matofali waliyofyatua wenyewe, miaka ya kubeba maji kichwani, mimba iliyotoka wakati wa kupaua. Vyote akavitia kwenye bei. Chande akamwambia taratibu, "Mama, mnunuzi hanunui jasho, ananunua vyumba." Akampeleka akaangalie nyumba nyingine mbili za hapa hapa zilizouzwa karibuni, alivyorudi akapunguza mwenyewe. Baba naye najua atatia machozi ya Babu kwenye bei. Mpeleke akaone kwanza nyumba za wenzake.

Karatasi zikae pamoja kabla mteja hajaja, si mteja amekaa ndipo mnapekua magodoro. Sisi tulipata kila kitu kwenye mkoba mmoja, barua ya mahakama inayomfanya shangazi msimamizi wa mirathi, karatasi za kiwanja, risiti za maji na za kodi. Kilichotusumbua ni jiwe la mpaka, wenyewe wanaita bikoni. La kona ya nyuma halikuonekana. Mimi nikalitafuta kwa jembe siku nzima nikalikuta chini ya mgomba ule wa dirishani kwangu, mgomba umelikalia kama kuku. Ilibidi tuukate. Hakikisheni mawe yote manne ya kwa Babu mnayajua.

Halafu ukweli. Kona ile ya nyuma masika ikija maji yanapita. Chande akanifundisha, "Ukiulizwa maji, wewe sema hujui, mgeni." Akaja mwalimu mmoja na mkewe, watu wa Same, wapole, wana watoto watatu. Yule mke akaniuliza mimi, si Chande, "Mdogo wangu, mvua ikinyesha pakoje?" Nikataka kusema sijui. Nikakuta siwezi kubeba uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Nikamwonyesha alama ya tope kwenye ukuta, nikamwambia yanafika hapa, yanakaa nusu siku, yanaondoka. Chande alinikata jicho! Lakini kumbe yule mama alikuwa ameshauliza kwa Mama Salma dukani kabla ya kuja getini, na Mama Salma alimweleza hivyo hivyo. Akamwambia mumewe, "Hawa hawafichi. Tuichukue, tutachimba mtaro." Chande akanishika bega akasema, "Sista, mie nimeuza maneno miaka kumi na tano, wewe umeuza nyumba kwa tope." Kwa hiyo Mama, anzeni kwa kusalimiana vizuri na majirani, maana mteja ataanzia kwao.

Hapo ndipo ningetaka barua iishe. Lakini haijaisha.

Mwalimu ameshakubaliana na shangazi, hana neno la bei. Anataka kitu kimoja tu. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ya marehemu, anataka ndugu wa marehemu aweke sahihi kama shahidi mbele ya mwenyekiti, asije siku moja akagongewa geti. Na ni haki yake, hata mimi ningetaka. Ndugu aliyepo hapa ni mmoja, Baba Mdogo Gervas. Mwalimu amesubiri wiki mbili. Ametuambia anasubiri mpaka Jumatano, ikipita hapo anachukua nyingine Tegeta, maana wenye nyumba anayopanga wanataka chumba chao.

Jana shangazi akanituma mimi dukani kwa Baba Mdogo na bahasha. Alisema, "Wewe ni mtoto, hatakufukuza."

Nilimkuta anapima mnyororo wa kisima. "Shikamoo Baba Mdogo." "Marahaba." Akasoma karatasi, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akaiweka juu ya kaunta.

"Anataka sahihi yangu."

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Mbele ya mwenyekiti yule yule?"

"Ndiyo."

"Basi nimekuwa ndugu wa marehemu tena. Mwezi uliopita nilikuwa mhuni wa rangi." Akauachia mnyororo ukaanguka kwenye ndoo. "Binti, nikwambie kitu. Asubuhi ile nilipita hapo kwenu na pikipiki nikija kufungua duka. Nilikuona. Umepanda ndoo, umeshika brashi, umefika kwenye HAI. Nikasema moyoni, kumbe shemeji amebadili mawazo, amemtuma mtoto aandike. Nikafurahi. Unanisikia? Nilifurahi mpaka sikupiga honi, nisije nikakuangusha. Kisha naitwa kwa mwenyekiti, naambiwa nimeandika mimi. Alikutuma wewe, akanisimamisha mimi, ili nionekane adui na neno langu juu ya nyumba ya kaka lisisikike. Ndiyo hesabu niliyoipata."

Nikauliza, sauti yenyewe ikatoka kama ya mbu, kwa nini siku ile hakusema.

"Niseme nini? Nimtaje mtoto? Mtu mzima nimsukumie binti wa watu mbele ya serikali ya mtaa? Nilikutazama nikidhani utasema wewe."

Mama, jibu lilikuwa neno moja. Hakunituma. Ni neno jepesi, hata mtoto wa chekechea analisema. Akaingia mteja akaomba misumari ya bati, Baba Mdogo akageuka kupima. Mimi nikasema, "Haya, Baba Mdogo," nikachukua bahasha nikaondoka.

Na nyumbani nikamwambia shangazi kwamba Baba Mdogo ana wateja wengi, atajibu.

Tangu jana siwezi kukaa. Nikikaa jikoni nasikia niende uani, nikifika uani narudi. Shangazi ameshaanza kufunga vyombo vyake vya udongo kwenye magazeti, ananiuliza Bibi bado anapenda maharage ya aina gani, apeleke. Amemnunulia blanketi. Kila kikombe anachofunga naona kama nakifungua mimi upande wa pili. Chande anasema tatizo la nyumba hii ni sahihi moja. Mwalimu anasema ni sahihi moja. Mimi peke yangu katika Kibamba nzima ndiye ninayejua kwamba si sahihi, ni mimi. Wazee wawili wanaoheshimiana wamekaa kila mtu na uchungu wake, kila mmoja akidhani mwenzake ni mjanja, na hakuna mjanja hata mmoja.

Kwa hiyo kama kuna shauri moja tu la kuuza nyumba utakalolishika katika haya yote, lishike hili. Waambieni wa ndani kwanza. Wote, hata mdogo, hata mgeni wa chumba cha nyuma. Shangazi angeniambia siku niliyofika, ningewafungulia wale wanaume geti na kuwapa maji ya kunywa. Ninyi Kaka Ambokile hamjamwambia, najua, kwa sababu juzi amenipigia kutoka Chunya akasema akija Desemba atalala kwa Babu. Mwambieni kabla hajaambiwa na mtu wa stendi. Naye akijua atapiga kelele siku mbili, lakini atapiga akiwa ndani ya jambo, si nje yake.

Nimefikiri nifanyeje. Nikimwambia shangazi peke yake leo, itabidi kesho nianze upya kwa Baba Mdogo, na kulisema mara mbili siwezi, najijua. Basi kesho baada ya ibada nitamwomba shangazi tupitie dukani. Jumapili Baba Mdogo anafungua akitoka misa. Shangazi atakataa, nitamwomba tena. Nitamshika mkono ikibidi, ingawa sijawahi kumshika mtu mzima mkono kumvuta. Wakiwa wamesimama wote wawili, na kaunta katikati, nitalisema mara moja wote walisikie. Baada ya hapo wafanye watakavyoona. Shangazi anaweza kunirudisha nyumbani. Nimeshakunja nguo zangu, zipo kwenye begi, si kwa kutaka kutoroka ila ili mikono iwe na kazi.

Dada mmoja wa kanisani anasafiri Jumatatu kuja Tukuyu, nitampa barua hii, kwa hiyo utakapoisoma mambo yatakuwa yameshakuwa. Usinipigie kuniuliza. Nitakupigia mimi.

Nisalimie Bibi, umwambie shangazi anamfungashia vitu. Nisalimie Mama Mchungaji, na fundi cherehani wa pale jirani aliyenishonea sare ya mwisho, mwambie bado nalivaa lile sweta la sare hata kwenye joto la huku. Kaka Ambokile nitampigia, lakini baada ya ninyi.

Haya ya kuuza nyumba msimulie Baba yote kama vile nimeyaona kwa watu. Habari ya ukuta usimsimulie. Aliyelia kwenye simu ni dada yake, na Baba akisikia atashika simu hapo hapo, na mimi kwenye simu nazidi kuwa bubu. Nataka nije nimwambie mwenyewe, tukiwa shambani, yeye akichuma chai mstari wake na mimi wangu, bila kutazamana. Nikiwa nimelisema vizuri kule dukani, litunze. Nikiwa nimeshindwa, litunze vile vile, maana bado litakuwa langu la kusema. Usimwambie Baba, Mama. Hata akikuuliza kwa upole.

Mwanao anayekupenda,
Tusekile